Kisu kwenye Mpasheni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la juma hili ni Yohana 15, mstari wa 1 hadi wa 8. Nitashika mstari mmoja tu, wa pili: "Kila tawi ndani yangu lisilozaa huliondoa, na kila tawi lizaalo hulisafisha, ili lizidi kuzaa."

Shamba la mizabibu nimeliona mara moja maishani, Dodoma, tena nikiwa ndani ya basi, kwa hiyo sitajifanya mtaalamu. Ninachokifahamu ni mpasheni wangu wa uani hapa Arusha, karakara kama wengine mnavyouita, ile ya zambarau inayopenda ubaridi wa mlimani. Hauna undugu na mzabibu, ila tabia zimefanana. Yote miwili haiwezi kusimama bila kushika kitu, na yote miwili huzaa kwenye chipukizi la msimu huu. Tawi la zamani halitoi tunda tena, linatoa tu njia ya chipukizi. Hilo sikulijua, na kutolijua kulinitoa machozi.

Niliupanda kwa mbegu za tunda la sokoni. Nikasimamisha nguzo mbili za mgrevilea, nikavuta waya juu kidogo ya kichwa changu, nikamwaga samadi ya kuku. Haukufikisha mwaka, ukaanza kuzaa, na tulikula mpaka tukawa tunawapelekea majirani kwenye ndoo. Msimu uliofuata matunda yakapungua. Uliofuata tena, nikayahesabu kwa vidole. Lakini ulipendeza jamani! Ulifunika waya wote, ukavuka bati la banda la kuku, ukaukamata mparachichi. Kila mgeni aliyeingia getini alisema, "Mama, una bustani hapa!" Nikazoea kusifiwa. Nikaacha kuuliza matunda yamekwenda wapi.

Ndipo mama mkwe akaja kututembelea kutoka Machame. Nilimkuta asubuhi amesimama uani, khanga begani, anautazama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hapa umefuga nini, nyani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikwenda jikoni, akachukua kisu changu cha nyama, akakinoa kwenye jiwe la kufulia, kisha akakimwagia maji ya moto kutoka kwenye birika. Alisema kisu kichafu kinahamisha ugonjwa kutoka tawi hadi tawi. Akaanza kukata. Hakugusa shina wala ile mikono miwili iliyolala juu ya waya. Alishughulika na matawi yaliyoning'inia, moja baada ya jingine, kila moja akiliachia vifundo viwili au vitatu tu. Alipofika kwenye tawi moja nene, lile ninalolipenda, nikamshika mkono.

"Mama, hilo usikate. Hilo linazaa."

"Lilizaa," akasema. "Mwaka juzi."

Wapendwa, nimesikia mahubiri mengi juu ya Yohana 15, lakini hakuna neno lililonichoma kama hilo. Lilizaa. Alipomaliza, uani palikuwa na rundo la majani lililonifika kiunoni, na juu ya waya zimebaki fimbo. Mume wangu alitoka, akatazama, akarudi ndani bila neno. Mimi nililia, na sioni aibu kusema.

Hebu nirudi kidogo kwenye ua lenyewe, maana wengi tunakunywa juisi yake bila kulitazama. Hufunguka mapema asubuhi, na mchana ukifika limejifunga, basi, halifunguki tena. Ukitaka kuliona uamke. Kuna majani kumi meupe ya ua, na juu yake duara la nyuzi nyingi, nyeupe nchani na zambarau kuelekea katikati, zimejikunja kama nywele zilizofumuliwa baada ya kusukwa muda mrefu. Katikati kumesimama kijiti chenye vifuko vitano vya chavua, na juu kabisa vichwa vitatu vilivyo kama misumari.

Wamisionari wa Kihispania walipoliona huko Amerika walisimama wakasoma humo habari ya Msalaba. Zile nyuzi ni taji ya miiba. Vifuko vitano ni majeraha matano. Misumari mmeshaisikia. Vile vikamba vinavyojisokota kama springi ni mijeledi, na jani ni ncha ya mkuki. Giacomo Bosio, aliyekuwa Roma akiandika kitabu juu ya Msalaba, kilichotoka mwaka 1610, alipoonyeshwa michoro ya ua hili alisita kwanza kuiandika kwa jinsi ilivyokuwa ya ajabu. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, naye akaliacha jina la Mateso hayohayo kwenye vitabu vya sayansi, Passiflora, ua la Mateso. Kwa hiyo "pasheni" yetu haina habari ya mahaba kama wengi wanavyodhani. Ni Mateso ya Bwana, nasi tunayanywa kwenye glasi harusini.

Yale majani kumi wanasema ni mitume, wakiwa wamemtoa Yuda na Petro. Hapo mimi nagoma kidogo. Petro alirudi! Tena sijengi imani yangu kwa kuhesabu petali, maana anayetafuta alama katika ua ataipata tu. Lakini kuna jambo moja nililiona kwa macho yangu, na sijaambiwa na mmisionari. Ua likifunguka, ile misumari mitatu imesimama wima, imetazama juu. Kaa hapo kama saa moja. Utaona inaanza kuinama polepole, mpaka inafika usawa wa mgongo wa yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Chavua ya pasheni ni nzito na inanata, upepo hauibebi. Lazima nyuki apite chini aiguse. Na yapo maua ambayo misumari yake haiinami kabisa, inabaki wima siku nzima. Hayo ni mazuri vilevile, pengine mazuri zaidi. Hayashiki tunda.

Nilipoliona hilo nilikumbuka Wafilipi 2, pale Paulo anaposema Kristo alijinyenyekeza. Nikanyamaza kwa muda mrefu. (Tangu hapo mume wangu amekatazwa kuziba matundu ya nyuki hao kwenye boriti za banda. Bado tunabishana.)

Sasa niseme langu. Nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha kina mama kwa miaka tisa. Daftari langu lilikuwa safi na hesabu sawa mpaka senti. Uchaguzi ulipofika jina langu halikurudi, na hakuna aliyenieleza kwa nini. Nikajisomea mstari huu wa pili nikajiweka upande wa kwanza, wa tawi lililoondolewa. Nikaacha hata kwenda kwenye kikao cha Alhamisi.

Kosa langu lilikuwa kudhani kisu huja kwa tawi bovu peke yake. Someni tena. Tawi lisilozaa na tawi lizaalo, yote mawili mkulima anayafikia. Na siku ile ya kukatwa huwezi kuyatofautisha, maana utomvu unatoka uleule. Tofauti niliiona kwenye waya wangu, kama wiki mbili baadaye: kwenye kila kifundo alichoacha Mama kumetokeza kitu cha kijani chepesi, kidogo kama ncha ya kiberiti. Napenda pia kwamba Biblia yetu imesema "hulisafisha." Yale maji ya moto juu ya kisu yalinifanya nilisikie neno hilo upya.

Alhamisi zangu zilikuwa tupu, saa kumi jioni sina pa kwenda. Nikaanza kwenda nyumba ya tatu kutoka kwangu, kwa mama mmoja aliyepooza upande mmoja na hawezi kuongea. Namsomea Zaburi. Siku nilipofika ya 121, "Nitayainua macho yangu niitazame milima," aligeuza shingo kwa shida kuelekea dirishani, ambako Meru inaonekana. Miaka tisa ya kuandika mihtasari, nilikuwa napita mbele ya mlango ule kila wiki nikiwahi kikao.

Sisemi kwamba kila kinachokatwa maishani Mungu ndiye amekikata. Mtu aliyezika mtoto, tafadhali usimpelekee mstari huu. Mpelekee chakula, ukae naye. Na wapo waliotolewa kwenye nafasi zao kwa fitina tu, na fitina iitwe kwa jina lake. Ninasema juu ya yale matawi tunayoyajua wenyewe, yaliyozaa zamani, ambayo sasa tunayashikilia kwa sababu wageni wanayasifia.

Mpasheni unazaa tena. Matunda hayachumwi, yanaanguka yenyewe yakiiva. Usiku tunasikia moja likigonga bati, asubuhi watoto wanaokota. Yale yaliyojikunja ngozi ndiyo matamu, msiyaache sokoni.

Kesho nakata, kabla masika hayajaanza. Kisu nimeshakinoa. Kuna tawi moja tu linanisumbua, limepita juu ya dirisha la sebule, limetengeneza kivuli kizuri, na leo asubuhi lilikuwa na ua moja. Nilimpigia Mama simu kumuuliza kama naweza kuliacha hilo.

"Lina matunda mangapi?" akauliza.

Nikamwambia ukweli.

"Basi anza na hilo, mwanangu."