Kabla hujatoboa dari kwa ajili ya taa za LED

Watu wakinipigia kuhusu zile taa za LED za kuzama darini swali la kwanza karibu kila mara ni moja, fundi chumba changu niweke ngapi? Na mi siwezi kujibu mpaka uniambie humo ndani mnakaa wapi, mnasomea wapi, meza iko upande gani, kabati liko upande gani. Manake taa ya kuzama haisambazi mwanga pande zote kama balbu ya kuning'inia, yenyewe inamwaga chini tu, kwa hiyo kilichopo chini yake ndo kitakachoonekana, na kama chini yake pako wazi basi utakuwa unaangaza sakafu miaka yote.

Ramani nyingi zinazonifikia zimepangwa kwa kuangalia dari. Taa nne kwenye kona na moja katikati, au mistari miwili imenyooka safi kabisa, ukitazama juu inapendeza sana. Sasa shuka chini uone. Jikoni ndo kunaumiza zaidi, taa zimepangwa katikati ya njia, mtu akisimama kwenye kaunta mwanga unampiga mgongoni na kivuli cha kichwa na mabega yake kinaanguka palepale anapokata na kisu. Kaunta nyingi zina upana wa sm 60 hivi toka ukutani, basi taa ikae juu ya ukingo wa mbele wa hiyo kaunta, hapo mwanga unashuka mbele ya mtu na pia unakwepa makabati ya juu. Sebuleni usiiweke juu ya kichwa cha anayekaa kwenye kochi, macho yanaingia shimoni na uso unaonekana umechoka, isogeze iwe sm 60 mpaka 90 toka ukutani, ukuta upokee mwanga na kuurudisha chumbani, utashangaa chumba kinavyoonekana kikubwa. Chumba cha kulala usiiweke juu ya mto. Na kioo cha bafuni, tafadhali, kinataka mwanga wa pande mbili za uso, sio taa moja juu ya utosi.

Ukishajua unaangaza nini, ndo unaangalia upana wa miale, ule unaoandikwa kwa nyuzi kwenye boksi. Watu wengi hawasomi hii namba kabisa na ndo inayoamua kila kitu. Taa ya nyuzi 36 ikiwa mita 2 juu ya kitu inachora duara la mita 1.3 hivi, ya nyuzi 60 kwa umbali uleule inachora duara la mita 2.3. Ukinunua za nyuzi 24 ukazipanga sebuleni zikiwa mbalimbali unapata madoa ya mwanga na giza katikati, na ukutani yanatokea yale matao makali. Hizo za nyuzi chache ni nzuri dukani, juu ya bidhaa unayotaka mteja aione kwanza, au juu ya picha. Kwa mwanga wa kawaida wa chumba mi naanzia nyuzi 60 kwenda juu. Lakini zile bapa nyembamba za nyuzi 110 na 120 zina tatizo lake, mwanga unatoka usawa wa dari na unakufuata machoni popote ulipokaa. Chagua ambayo chanzo chake cha mwanga kimerudi ndani, yani ukiwa umekaa pembeni usione ile sehemu inayowaka, uone mwanga tu. Ofisini hili ni muhimu mara mbili kwa sababu watu wanatazama skrini siku nzima, na kuna kipimo cha mng'ao unaosumbua macho kinaitwa UGR, kwa kazi za mezani tafuta taa zilizopangwa zibaki chini ya 19.

Wati sitaongea sana. Wati ni umeme ambao taa inakula, mwanga ni lumeni, soma lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 ilikuwa inatoa lumeni 800 hivi, LED inatoa hizo hizo kwa wati 8 mpaka 10.

Rangi sasa. 2700 na 3000 Kelvini ni mwanga wa joto unaoelekea njano, huo ni wa sebule na vyumba vya kulala, 4000 ni mweupe wa kawaida, mzuri jikoni na ofisini, 6500 ni ule wenye ubluu, na naomba sana usiuweke sehemu ya kupumzikia hata kama dukani uliuona unang'aa kuliko zote. Kung'aa dukani sio sababu, pale zimewashwa mia kwa pamoja. Chumba kimoja rangi moja, usichanganye, na nunua mbili tatu za akiba toka toleo lilelile kwa sababu hata za namba moja zikitoka matoleo tofauti zinaweza zisifanane, na kwenye dari nyeupe jicho linaona haraka mno.

Alafu kuna hii inayoitwa CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa ukweli wake. Taa nyingi za LED nyeupe ndani yake ni chipu ya bluu iliyofunikwa na unga unaogeuza sehemu ya ule ubluu kuwa njano, ndo weupe unapatikana (hiyo LED ya bluu ilisumbua wanasayansi miaka mingi, Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa ajili yake). Kwa hiyo ikitengenezwa kirahisi inakuwa na uhaba wa wekundu. CRI ya 80 inatosha korido na stoo, lakini kama ni saluni, duka la nguo, bucha, meza ya chakula, tafuta 90 na zaidi. Huna haja ya mashine kupima, nyoosha kiganja chako chini ya taa. Taa nzuri utaona wekundu wa damu kwenye ncha za vidole na mistari ya kiganja imejitokeza, taa mbaya mkono wote unakuwa wa kijivu kama wa mgonjwa. Nyama, mboga, vipodozi, nguo, vyote vitafanywa hivyohivyo na hiyo taa, na mteja hatajua kwa nini hakuvutiwa, ataondoka tu.

Ukiwa hapohapo dukani fungua kamera ya simu, weka video ya mwendo wa polepole, elekeza kwenye taa. Ukiona mwanga unapigapiga au mistari inapita, hiyo taa inafumba na kufumbua hata kama jicho halioni, na kuna watu kichwa kinawauma chini ya taa za namna hiyo bila kujua sababu. Hilo linatokana na draiva, kale kaboksi kanakobadilisha umeme wa ukutani kuwa ule wa LED. Draiva ndo roho ya taa. Kwenye boksi utaona masaa 25,000 au 50,000, na ukipiga hesabu ya masaa 5 kwa siku hayo 25,000 ni zaidi ya miaka 13, lakini mara nyingi hayo ni masaa mpaka LED yenyewe ishuke kufikia asilimia 70 ya mwanga wake wa mwanzo, draiva inaweza kufa mapema kuliko hapo na inayoiua zaidi ni joto. Kwa hiyo mi napenda ambayo draiva yake iko pembeni na inachomoka kwa plagi, ikifa unabadilisha hiyo tu. Au chukua fremu ya kuwekea balbu ya GU10, ile ndogo yenye pini mbili nyuma, balbu ikifa unachomeka nyingine. Na juu ya dari kama kuna sufi ya kuzuia joto usiifunike taa nayo mpaka uhakikishe imeandikwa inaruhusu kufunikwa, hapo sio suala la kudumu tena, ni suala la moto. Nyumba ya ghorofa pia, dari ya chini kila tobo linapunguza uwezo wake wa kuzuia moto kupanda, kuna taa zilizotengenezwa maalum kwa hilo, ulizia hizo. Bafuni juu ya shawa tumia taa iliyoandikwa IP65, yani imezibwa maji yasiingie.

Ukitaka dima, ile swichi ya kupunguza na kuongeza mwanga, mwambie fundi mapema, sio kila LED inakubali, na ile dima ya zamani ya balbu za kawaida ikiendesha LED chache zinaweza kutetemeka au kulia. Dima na taa vinunuliwe vikiwa vinajulikana vinaelewana.

Tobo pima mara mbili. Taa mbili zinazofanana usoni zinaweza kutaka matobo tofauti, moja mm 75 nyingine mm 90, na tobo dogo unaliongeza ila kubwa hulipunguzi. Pima na kina pia, juu ya hiyo dari kunaweza kuwa na mbao au bomba palepale ulipoweka alama.

Na kabla ya msumeno kugusa dari, nunua taa moja tu, mwambie fundi aiunge kwenye waya mrefu, usiku ukifika mmoja apande ngazi aishike pale ilipochorwa mwingine akae kwenye kochi, asimame kwenye kaunta, alale kitandani. Sogezeni, wekeni alama za penseli. Hapohapo amueni zipi ziwe swichi moja na zipi zijitenge, za ukutani peke yake, za jikoni peke yake, manake jipsam ikishafungwa kuongeza waya mmoja ni kubomoa.