Na wewe umekaa tu

Picha za safari yangu ya meli kwenye mto Douro, Ureno, mmeshaziona, na waliouliza bei nimewajibu: tiketi ilikuwa ya rafiki wa wifi yetu Mreno, rafiki akaghairi dakika za mwisho, mimi nikajaza nafasi. Leo siandiki habari za safari. Kuna neno alilisema mama Jumanne, nimelala nalo na kuamka nalo.

Tulikuwa uani kwake, Ngamiani, Tanga. Mama kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi nimeinama na simu nampitishia picha. Namweleza kwamba meli inatoka Porto inapanda mto mpaka Barca d'Alva, mpakani na Hispania, kilomita kama 210. Kwenye mabwawa maji ndiyo yanaiinua, kama ghorofa kumi. Usiku haitembei, inafungwa gatini watu wanalala. Vilima pande zote mbili vimekatwa ngazi ngazi kwa kuta za mawe, zabibu toka juu hadi chini. Mama anaitikia "eeh", "eeh", macho kwenye nazi yake.

"Na nani anapika?"

"Wapo wapishi, mama."

"Vyombo?"

"Wanaosha wao."

"Kitanda?"

"Ukitoka kunywa chai unakuta kimeshatandikwa."

Akageuza kifuu, akakuna kidogo. "Na wewe umekaa tu."

Nikasema ndiyo. Akaniomba kichujio cha tui, mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa, alikuwa anauliza? Sauti haikupanda. Alikuwa ananisema? Mama akikusema hubaki na shaka, anakuita kwa jina lako na la babu yako. Nimelirudia neno hilo kwenye bajaji, nimelirudia kazini, nimelitamka jikoni kwa mshangao, kwa kejeli, kwa huruma, mpaka mwanangu akauliza nazungumza na nani. Wiki yenyewe haikuwa ndogo: bosi kastaafu tukala pilau, na mdogo wangu kahamishiwa Dodoma, anatamba kwamba zabibu za huko zinavunwa mara mbili kwa mwaka, wale Wareno wangu wanavuna mara moja tu.

Majibu yalinijia baadaye, yakiwa hayana kazi. Ningemwambia pale kwenye bwawa la Carrapatelo sikukaa. Meli iliingia katika chumba cha zege, kuta nyeusi zinachuruzika maji huku na huku, mlango ukafungwa nyuma yetu, maji yakajazwa chini ya meli tukapandishwa mita 35. Muda wote nilisimama nimeshika chuma, naleta dua. Wifi hakuinuka kitini. Ningemwambia pia kwamba wenye zabibu ndio hawakai: kwenye ngazi zile mashine hazipandi, wanavuna kwa mikono. Na kabla ya mabwawa, mapipa ya mvinyo yaliteremshwa Porto kwa mashua za rabelo, katikati ya maporomoko, na kuna waliozama. Lakini hayo ni maneno ya mtu anayejitetea, na mimi sijajua nashitakiwa kwa lipi.

Jana jioni nikampelekea sukari. Kabla sijapiga hodi nikasikia sauti yake, anamsimulia Bi Mwajuma wa nyumba ya pili.

"Maji yenyewe ndiyo yanainua meli, ghorofa kumi hizo! Na huyu mwanangu kakaa tuu, kama mke wa liwali. Hata kikombe hakugusa!"

"Mtume!" Viganja vikagongana, wakacheka mpaka mama akakohoa.

Nilisimama nje na sukari yangu, nacheka peke yangu. Nilipoingia, Bi Mwajuma akaniinamia, akanong'ona: "Na ule mvinyo je?"

"Kanywa juisi," mama akajibu, mimi sijafungua mdomo. Ni kweli nilikunywa juisi, ila sikumbuki kumwambia.

Bi Mwajuma alipoondoka, mama akauliza zile boti za Pangani zinazopeleka wageni juu mtoni kutazama mikoko na minazi, chakula anapika nani. Amezaliwa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, kivuko amekivuka tangu yuko mgongoni mwa bibi, lakini juu ya mto hajawahi kwenda. Nikamwambia hakuna anayepika, mnakwenda jioni mnarudi.

"Basi tutabeba wali," akasema. "Na birika."

Tutakwenda, mvua zikipisha. Ila hili jino. Lile la juu kulia, limeanza tena usiku nikinywa chai, na yule daktari aliyeliziba nasikia kahamia Moshi.