Nilivyoifufua CG125 ya baba mkubwa bila kuikata fremu

Baba mkubwa alikuwa bwana shamba Kibosho, na pikipiki yake, Honda CG125, ilibaki ghalani, imeegemea magunia ya kahawa, tangu alipoacha kuendesha. Aliponipa pamoja na kadi ya usajili, kitu cha kwanza kilikuwa kulinganisha namba ya chasi na ya injini na zile za kwenye kadi. Zisipofanana, hata plagi usinunue.

Pikipiki hii ilianza kutengenezwa miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi zenye barabara mbovu na gereji chache. Kamu (mhimili unaofungua valvu) iko chini, valvu zinasukumwa na vijiti, haina cheni ya taimingi ya kukusumbua. Wachina waliinakili injini hiyo, na ndiyo maana vipuri vingi nilivipata maduka ya bodaboda hapa Moshi mjini. Ila nenda na kipuri cha zamani mkononi, maana kopi zinapishana.

Kiki ilikuwa imegoma kabisa, pistoni imeganda. Watu wengi hapo huirukia kiki kwa uzito wote na kuvunja meno ya ndani. Mimi nilitoa plagi, nikamimina dizeli iliyochanganywa na oili, nikaiacha inywe. Baadaye nikaweka gia ya juu kabisa na kulitikisa gurudumu la nyuma mbele na nyuma, polepole, mpaka ikaachia. Silinda ilikuwa na michirizi, hivyo ikaenda kwa fundi mwenye mashine ya kuchonga. Hiyo si kazi ya uani. Mpelekee pistoni ya ovasaizi (kubwa kidogo kuliko ya awali) kabla hajachonga, aipime silinda kwa pistoni yenyewe.

Skrubu za Honda za zamani zina kichwa cha msalaba ambacho bisibisi ya kawaida hukila. Tafuta ile ya kugongwa na nyundo, inayojizungusha yenyewe.

Tenki nilitoa koki, nikaziba tundu, nikajaza siki na kokoto, nikalitikisa na kuliacha likae, nikarudia mpaka chuma kikaonekana. Kisha nikalisuuza kwa maji ya magadi ili kuua ukali wa siki, nikalikausha juani na kulipitishia petroli yenye oili siku hiyohiyo. Likilala na unyevu, kutu inarudi. Wayaringi nilifuata nyaya za kijani, ambazo kwa Honda ndizo za athi, yaani zinazorudisha umeme kwenye fremu. Taa nyingi zilizogoma zilitaka athi safi tu.

Urembo ndio ulioleta ubishi. Vijana wa Majengo walitaka nikate fremu nyuma, nitupe madigadi na kariya. Fundi jirani akakazia: "Mangi, toa hilo kava la cheni, linaizeesha."

Kava la cheni! Ndicho kitu bora kuliko vyote kwenye pikipiki hii. Masika ya Kibosho, tope jekundu linasaga cheni iliyo wazi kama msasa. Kava limebaki. Fremu haikuguswa. Nilibadilisha hendeli ikawa pana, fundi wa makochi akashona siti bapa yenye uzi mweupe, na kariya nikaipaka rangi nyeusi. Tenki limebaki jekundu, kwa sababu kadi inasema nyekundu na sikutaka maelezo marefu na trafiki.

Tapeti, yaani nafasi ndogo kati ya valvu na kinachoisukuma, nilizipima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia) injini ikiwa baridi kabisa: 0.08 mm, valvu ya kuingiza na ya kutolea sawasawa.

Kabureta ilikuwa ya mwisho. Mjini ilinguruma vizuri, lakini kupanda kuelekea Kibosho ikawa nzito na plagi ikatoka na masizi. Juu hewa ni nyepesi, petroli inazidi. Nilishusha sindano ya kabureta ngazi moja ili petroli ipungue, nikapanda tena, nikaitoa plagi: ya kahawia, rangi inayotakiwa. Baba mkubwa aliikagua kimya, akazunguka nyuma, akauliza kwa nini kariya haina kamba.