Nyanya na foleni yake

Leo nimempeleka nyanya Nairobi Gallery, lile jengo la mawe la 1913 karibu na Nyayo House. Kufika mlangoni, akacheka: “Si hapa ndipo nilimwandikisha babako!” Zamani ilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, vizazi, ndoa na vifo, vyote viliandikwa humo. Siku hizi vyumba vimejaa mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais 1966: vinyago, vito, nguo, hata stempu. Picha za kuchora nilizozipenda mara ya mwisho sikuzikuta, maonyesho yamebadilishwa. Niliumia kidogo, kusema kweli. Nyanya wala hakujali. Alikuwa akizunguka na mkongojo, akitafuta dirisha alilopigia foleni na mtoto mgongoni.