Jamani, hiyo h mnayoiacha ndiyo inayokataa

Leo naongelea kitu kimenikaa rohoni muda mrefu, uandishi wetu wa Kiswahili humu mitandaoni, na wala sianzi na zile xaxa na cjui na 2po na w2 wangu, hizo mi hazinisumbui kabisa. Zilikuja enzi meseji moja ina herufi 160 tu, ukizidisha unakatwa meseji ya pili, na salio lenyewe ni la kukwangua, kwa hiyo mtu aliyeandika cjui alikuwa anajua vizuri kwamba ni sijui, kabana tu. Sa hivi bando zipo, nani anahesabu herufi, nyingi zimejifia zenyewe na zilizobaki hazimdhuru mtu.

Kinachoniumiza ni h. Apo, uyu, alafu, ela, amna, asa ivi, kila sehemu, halafu h hizohizo zilizofukuzwa kule zinapachikwa zisikotakiwa, hasante, hameondoka, bei hipo chini. Ingia ukurasa wowote wa wanaouza nguo au simu utakutana na "mzigo hupo karibuni sana", na ukiisoma ilivyoandikwa ni kama anauambia mzigo wewe hupo. Na wanaoandika hivi siyo ambao hawajasoma. Wana digrii, wapo maofisini, wanaandika matangazo ya kazi na vichwa vya habari.

Najua jibu, nimeshajibiwa mara nyingi: si umeelewa lakini? Kwa apo, ndiyo nimeelewa. Kwa uyu pia. Lakini kuna sehemu sielewi na hakuna binadamu anayeweza kuelewa, na hizo ndizo zimenifanya niandike.

Mi nafanya kazi steshenari, nachapa. CV, barua za maombi ya kazi, mikataba ya kupangisha, ya kuuziana viwanja na bodaboda, na siku hizi watu hawaji na karatasi, wananitumia maandishi kwa WhatsApp nichape, niprinti, wapitie kuchukua wakimbilie kugonga muhuri serikali ya mtaa. Basi baba mmoja mwenye nyumba akanitumia mkataba wake, vipengele vimepangwa vizuri kabisa, nafika katikati nakuta "Mpangaji ataruhusiwa kumpangisha mtu mwingine bila ridhaa ya mwenye nyumba". Nikasimamisha kuchapa. Kwa akili ya kawaida hakuna mwenye nyumba anayeandika hivyo, nikampigia, mzee hapa unaruhusu au unakataza? Akashangaa, "nakataza, si nimeandika?" Hakuwa ameandika. Alikuwa ametoa ruhusa, kwa maandishi, na alikuwa anakwenda kuweka sahihi yake chini ya ruhusa hiyo mbele ya mwenyekiti. Kikaja kipengele cha kodi, kwamba akiondoka kabla ya muda "atarudishiwa" pesa iliyobaki, na hapo hata mimi sikuweza kukisia, maana wapo wanaorudisha na wapo wasiorudisha. Ikabidi nipige tena.

Sasa angalieni inavyokwenda. Kiswahili kinakataa mwanzoni mwa kitenzi, na mara nyingi hata ukiiangusha h bado kuna kitu kinakuokoa. Hawatalipa inabaki awatalipa, imeharibika lakini jicho linaona imeharibika na kichwa kinaitengeneza. Hataki inakuwa ataki, hajalipa inakuwa ajalipa, sawa tu, inashtua, unaelewa. Ila hatalipa ukitoa h inabaki atalipa, neno zima, safi, halina kasoro yoyote, linasema kinyume. Hutalipwa inabaki utalipwa. Hana inabaki ana, huna inabaki una. Yaani kwa yeye na kwa wewe, pale penye ahadi ya kesho na pale penye kuwa na kitu au kutokuwa nacho, h inasimama peke yake, na watu wengi wanachoandikiana kila siku si ndiyo hicho? Atakuja, hatakuja, ana hela, hana hela.

Na msitegemee simu. Kibodi ya Google ina Kiswahili, ukiiweka inasaidia kiasi na walau inaacha kukugeuzia maneno kuwa Kiingereza, lakini kwa hili haiwezi kukuambia kitu kwa sababu atalipa ni neno na hatalipa ni neno, yenyewe itajuaje ulikuwa unakataa.

Kwenye familia yetu lilitokea la shangazi. Alikuwa na uvimbe, akapelekwa kupima, wote tumekaa roho juu tunasubiri majibu, ndugu aliyempeleka akaandika kwenye grupu, "majibu yametoka ana kansa Mungu mkubwa". Halafu simu yake ikazima chaji. Mungu mkubwa tunasema kwenye furaha na tunasema kwenye msiba, kwa hiyo haikutusaidia. Watu wamelia, dada yake shangazi presha ikapanda, mwingine ameshaanza kuulizia nauli za kutoka Mwanza, mpaka usiku simu inawashwa ndiyo tunaambiwa hana, hana kansa, ni uvimbe wa kawaida. Tukashukuru na ikaishia hapo, hakuna aliyesema kuhusu ile meseji, na mpaka leo hakuna aliyesema, na hilo linaniudhi kuliko meseji yenyewe.

Maana angeandika sentensi mbovu ya Kiingereza kwenye grupu lilelile tungeisikia mwaka mzima. Sisi Watanzania tunachekana Kiingereza bila huruma, mtu akikosea wakati wa kitenzi tu anatengenezewa stika, ila ukimrekebisha mtu Kiswahili unaambiwa unajifanya, mwalimu kaja, BAKITA kaja. Hilo Baraza la Kiswahili la Taifa lipo toka 1967 na watu wanalitaja kama utani. Tumejiaminisha kwamba Kiswahili tunazaliwa nacho hivyo hakina kukosea. Na shule nayo inachangia, unasoma kwa Kiswahili msingi yote, ukifika sekondari masomo karibu yote yanageuka Kiingereza na Kiswahili kinabaki somo moja kwenye ratiba, basi uandishi wako unabaki pale ulipouacha darasa la saba.

Chanzo chenyewe hakina siri, tunaandika tunavyotamka. Tahajia yetu ndivyo ilivyopangwa, toka Kamati ya Lugha ya 1930 ilipoanza kazi ya kusanifisha Kiswahili juu ya Kiunguja, yaani lahaja ya Unguja, na Kiunguja h inasikika, wazee wa pwani mpaka leo wengine watakwambia kheri na khabari kwa sauti ya kooni kabisa. Sisi wa bara wengi wetu h tunaipitia juujuu, na kuongea sina ugomvi nako, mtu akikwambia "ana ela" unamwona uso, unasikia anavyovuta sauti, na kichwa anatikisa. Kwenye maandishi hayo yote hayapo. Zamani kilichoandikwa kikasomwa na wengi kilipita kwanza kwa mhariri, leo kinatoka kidoleni moja kwa moja.

Na watoto ndipo wanapojifunzia kusoma, humo kwenye komenti na mastatasi. Mtoto wa dada yangu yupo kidato cha pili, insha yake ilirudi na "hameondoka" zimezungushiwa kalamu nyekundu, akaniuliza kwa dhati kabisa sahihi ni ipi maana anaziona zote mbili kila siku. Nikamfundisha njia ninayotumia mwenyewe nikichapa: ile sentensi iseme kwa mimi. Ukisema sina, basi kwa yeye weka h, hana. Ukisema nina, toa h, ana. Sitalipa, hatalipa, na nitalipa, atalipa. Nimeondoka, basi ameondoka, h haina kazi pale. Kwa wewe hivyohivyo, sitalipwa, hutalipwa. Inachukua sekunde na haihitaji kamusi. Haitakusaidia kwenye hapo na huyu na halafu, hizo lazima macho yazizoee kwa kusoma vilivyohaririwa, lakini kwenye mikataba, kwenye majibu ya hospitali, kwenye pesa mlizokopeshana, naombeni sana muitumie kabla ya kubonyeza kutuma. Na wenzangu mnaochapa, mkiona ataruhusiwa, pigeni simu muulize.