Dirisha la Sidi Saiyyed

Wengi tunaotoka Tabora kwenda India hufuata matibabu, nami nilifika Ahmedabad kwa sababu hiyo hiyo, nikimuuguza mjomba wangu aliyekuwa amefanyiwa upasuaji. Alipopata nafuu, nilikuwa nikitoka alasiri kuutembelea mji mkongwe, ulioasisiwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411 kwenye ukingo wa mashariki wa mto Sabarmati, na ambao mwaka 2017 ulikuwa mji wa kwanza wa India kuingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Wenyeji watakuelekeza kwanza kwenye Msikiti wa Ijumaa uliokamilika mwaka 1424, na kwa hakika ni jengo la fahari. Hata hivyo, kilichoniteka moyo ni Msikiti wa Sidi Saiyyed, mdogo, uliozungukwa na kelele za magari, uliojengwa mwaka 1572 hadi 1573, wakati Akbar, mfalme wa dola ya Mughal, alipokuwa akiiteka Gujarat, eneo ulipo mji huu. Katika ukuta wa nyuma kuna madirisha ya upinde ambayo jiwe lake limetobolewa mpaka likafanana na lesi: shina la mti linapanda, matawi yake yanajipinda na kusokotana, na kila jani linaonekana peke yake. Kwa kuwa kibla huko ni magharibi, jua la alasiri hupenya katika matundu hayo, likapunguzwa ukali kabla ya kuwafikia wanaosali, huku hewa ikipita bila kizuizi.

Sidi Saiyyed, aliyeujenga msikiti huo, alikuwa Mhabeshi. Sisi tumezoea kusimuliwa habari za Wahindi waliokuja kwetu, kama Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Surat, huko huko Gujarat, aliyekuwa na makazi Kazeh, Tabora ya leo, katika miaka ya 1850. Waafrika waliovuka bahari kuelekea upande wa pili, wengi wao wakiwa watumwa na baadhi yao wakaja kuwa makamanda na wajenzi, hatufundishwi vya kutosha, ilhali wazao wao, Wasidi, wanaishi Gujarat hadi sasa. Naona jambo hili lingestahili kuwamo katika vitabu vya shule zetu.

Usiondoke kabla hujaingia kwenye pol, mitaa myembamba yenye malango yake, ambako nyumba za mbao zimenakshiwa kuanzia nguzo hadi dari, na baadhi yake zina matangi chini ya ua ya kuhifadhi maji ya mvua. Sisi wa Tabora, tunaoijua vizuri shida ya maji ya kiangazi, tuna la kujifunza hapo.

Matembezi ya asubuhi yanayosimamiwa na manispaa huanzia hekalu la Swaminarayan, Kalupur, na kuishia Msikiti wa Ijumaa. Nenda kati ya Novemba na Februari, kwa sababu mwezi Mei joto huweza kuzidi nyuzi 40, na mgonjwa hatalimudu.