Boston Marathon: mteremko ndio unaokumaliza, si kilima

Mkimbiaji akiitazama ramani ya Boston Marathon kwa mara ya kwanza hufurahi. Mbio zinaanzia Hopkinton, mji mdogo ulio kama mita 150 juu ya usawa wa bahari, na kuishia katikati ya Boston, karibu sawa na bahari yenyewe. Unashuka mita 140 hivi ndani ya kilomita 42.195. Nani asiyetaka barabara ya namna hiyo? Lakini mteremko huo umewatesa wakimbiaji wengi kuliko kilima chochote cha njia ile, na baadhi yao ni watu wetu.

Mwaka 1988 Juma Ikangaa wa Tanzania na Ibrahim Hussein wa Kenya waligombea ushindi hadi mita za mwisho. Hussein alimaliza kwa 2:08:43, Ikangaa sekunde moja nyuma yake, na Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. Mwaka 1989 Ikangaa akawa wa pili tena, nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Mwaka 1990 aliondoka kwa kasi kali, akapita nusu ya njia kwa saa 1 na dakika 2 tu. Nusu ya pili ikamchukua zaidi ya dakika 67. Gelindo Bordin wa Italia akampita na kushinda kwa 2:08:19, Ikangaa akawa wa pili kwa mara ya tatu mfululizo. Huyu ni mtu aliyeshinda New York mwezi Novemba 1989 kwa 2:08:01, kwa hiyo asiseme mtu kwamba pumzi ilikuwa ndogo.

Maili ya kwanza pekee inashuka takriban mita 40. Barabara ni nyembamba, umati umekubana, mwili umepumzika na hewa ya asubuhi ni baridi. Kila kitu kinakuambia unakwenda polepole kumbe unakimbia. Usiwapite watu kwa kuzungukazunguka kushoto na kulia, unajiongezea umbali bure. Mtu anayelenga saa 3 kamili anahitaji dakika 4 na sekunde 16 kwa kilomita, yaani kilomita 5 za kwanza kwa 21:20. Akizimaliza huko Ashland, mji unaofuata Hopkinton, kwa 20:30 huku anahisi raha tupu, tayari amekopa, na deni hilo hudaiwa Newton, mji wa vilima baada ya nusu ya njia. Mimi ningemshauri afike pale kwa 21:30 bila wasiwasi.

Kinachotokea ni hiki: ukishuka, misuli ya mbele ya mapaja inajikaza huku inarefushwa, ili kuuzuia mwili usianguke mbele. Kazi hiyo huchana nyuzi ndogondogo za misuli, hata kama pumzi iko shwari na moyo hauendi mbio. Huhisi kitu kwa saa moja na nusu. Unapita Framingham kwenye kilomita ya 10, Natick ya 16, kisha kwenye ya 20 unafika chuo cha wanawake cha Wellesley, ambako wanafunzi hupiga kelele zinazosikika kabla hujawaona. Hapo wengi huongeza kasi bila kujua.

Baada ya kilomita ya 25 barabara inashuka ghafla hadi Newton Lower Falls, mtoni, halafu inapanda kuvuka barabara kuu ya magari. Daraja hilo halina jina la kutisha, lakini ni la kuheshimu: hakuna kivuli, upepo unakupiga, na huo ndio mpando wa kwanza kati ya minne. Kwenye kilomita ya 28 unakata kulia penye kituo cha zimamoto na kuingia Commonwealth Avenue. Mpando wa mwisho, kabla ya kilomita ya 34, ndio Heartbreak Hill, kilima cha kuvunja moyo. Jina lilitoka mbio za 1936: Johnny Kelley alimfikia Ellison Brown huko vilimani na kumgusa bega, kama kumpa pole. Brown akachomoka na kwenda kushinda.

Kilima chenyewe kinapanda kama mita 27 tu. Mtu aliyezoea kupandisha kutoka Moshi kwenda Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, atakitazama na kuuliza kama ndicho hicho. Ndicho, ila unakifikia na mapaja yaliyokwisha. Punguza sekunde 10 hadi 15 kwa kilomita ukipanda, fupisha hatua, tumia mikono, usipigane nacho.

Na baya zaidi liko upande wa pili. Ukishavuka kilele unashuka tena kuelekea Cleveland Circle, na pale ndipo misuli hukaza na watu hukamata uzio. Angalia reli za tramu unapozivuka, maana zikiloa zinateleza. Kisha Beacon Street ndefu, karibu tambarare. Utaliona bango kubwa la Citgo, kampuni ya mafuta, kwa mbali sana. Usianze kukimbia mwendo wa mwisho kwa sababu ya bango. Ukifika usawa wake ndipo inabaki kama maili moja. Kulia Hereford, kushoto Boylston, mita 600 hivi, umemaliza.

Kwa hiyo mazoezi ya Boston si ya kupanda tu. Wiki kama 10 kabla ya mbio, anza kushuka mara moja kwa wiki: kwanza kilomita 2 au 3 za mteremko wa wastani, ongeza taratibu hadi 8 au 10, na mara nyingine malizia kwa kupanda baada ya kushuka, kwa mpangilio uleule wa Boston. Barabara ya Mweka kurudi Moshi inafaa. Ile ya Iten, Kenya, kushuka Tambach ni kali mno kwa kazi hii, itakuumiza magoti kabla ya kukujenga mapaja. Mshuko mzito wa mwisho uwe wiki 3 kabla, ili misuli ipone.

Kuingia ni shughuli. Kwa mbio za 2026, mwanamume wa miaka 18 hadi 34 alitakiwa awe amekimbia marathoni kwa 2:55:00 na mwanamke wa umri huo 3:25:00. Umri ukiongezeka muda unalegezwa. Kufikia kiwango hakukupi nafasi, kunakupa haki ya kuomba tu. Walioomba hupangwa kwa kasi, na kwa 2026 ilibidi mtu awe ameshinda kiwango chake kwa dakika 4 na sekunde 34. Maombi hufanyika Septemba. Hakikisha marathoni uliyofuzia njia yake ilipimwa rasmi. Nairobi na Moshi ni mbio nzuri sana, lakini mwinuko na vilima vitakula dakika zako. Anayetafuta muda akakimbie usawa wa bahari kwenye tambarare. Kuanzia 2027, muda uliopatikana kwenye njia inayoshuka mita 457 hadi 1,828 unaongezewa adhabu ya dakika 5 au 10. Njia nyingine ni kukimbia kwa ajili ya shirika la hisani, na hapo jiandae kuchangisha maelfu ya dola. Barua ya kukubaliwa si viza, kwa hiyo omba miadi ya ubalozi mapema.

Mbio huwa Jumatatu ya tatu ya Aprili, Siku ya Wazalendo, ambayo ni sikukuu Massachusetts. Namba ya kukimbilia unaichukua wewe mwenyewe kabla ya siku hiyo, ukiwa na pasipoti. Asubuhi ya mbio hakuna anayekupa. Mabasi yanaondokea Boston Common, safari ni kama saa nzima. Mkoba wa nguo za kubadili unauacha mjini kabla ya kupanda basi. Halafu Hopkinton unasubiri nje, pengine kwenye nyasi zenye umande, kwani wakimbiaji huondoka kwa makundi kuanzia saa 4 asubuhi na kuendelea. Vaa juu suruali na jaketi la mtumba utakaloliacha pale, hukusanywa na kugawiwa wahitaji. Beba mfuko wa plastiki wa kukalia. Kula alfajiri, kisha kula tena kidogo, mkate au ndizi, saa mbili kabla ya kuondoka. Wanaokosea hapa huishiwa nguvu Newton. Maji yako karibu kila maili kuanzia ya 2, pande zote mbili za barabara, kwa hiyo usisongamane kwenye meza ya kwanza.

Hali ya hewa haitabiriki. Mwaka 2012 joto lilifika karibu nyuzi 30 na Wesley Korir wa Kenya alishinda kwa 2:12:40. Mwaka 2018 mvua ya baridi na upepo wa usoni viliwatoa vigogo wengi, Yuki Kawauchi wa Japani akashinda. Mwaka 2011 upepo ulisukuma kutoka nyuma, Geoffrey Mutai akakimbia 2:03:02, lakini haikuhesabiwa rekodi ya dunia kwa sababu njia inashuka kupita kiasi na mwisho uko mbali mno na mwanzo.

Anayekuja kutazama tu asijibane Boylston tangu asubuhi. Apande treni ya Worcester hadi Natick au Wellesley, awaone wakipita, kisha arudi mjini kwa treni hiyohiyo. Au ashuke mwisho wa tawi la B la Green Line, tramu ya mjini, kituo cha Boston College, baada tu ya Heartbreak Hill, ambako nyuso husema kila kitu. Tawi la C linafuata Beacon Street yenyewe. Kituo cha Copley hufungwa siku hiyo, na mkoba mkubwa utakucheleweshea ukaguzi karibu na mstari wa mwisho. Watanzania waliokuwapo 2023 walimwona Gabriel Geay akiwa wa pili, mbele ya Benson Kipruto na Eliud Kipchoge, na 2025 Alphonce Simbu akawa wa pili kwa 2:05:04. Septemba ya mwaka huohuo Simbu akachukua ubingwa wa dunia Tokyo.